Kona ya Tatu kwa Pegram

Jumamosi, 8 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya gari langu la mbio. Springi, upepo wa matairi, hali ya hewa, gari lilivyokaa konani. Mwaka jana nilikuwa naandika nyuma ya risiti za gesi na zote zikaishia kwenye mashine ya kufulia. Kaka yangu Harlis anasema daftari la gari ni la gari, nisiandike mambo mengine humu. Tutaona.

Leo tumerudisha injini mahali pake. Baridi. Harlis amejibana kidole na hakusema neno, ndivyo nilivyojua kimeumia kweli.

Jumatano, 12 Machi

Kazini nimepeleka gesi ya majumbani kutwa nzima. Kwa Burlin Tesh nimejaza tangi la banda la miche. Tumbaku yake imeshaota, imejaa kwenye trei kama zulia, na ndani ya banda kuna joto hadi miwani inaingia ukungu. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Gari limepona?" akauliza.

"Limepona."

"Na shingo?"

"Nayo imepona."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Basi. Huyu ndiye aliyenigonga kutoka nyuma Septemba iliyopita, nikiwa wa tatu mbioni, zimebaki raundi chache. Nilikwenda ukutani kinyumenyume na nikavaa kola ya shingo hadi Krismasi. Mkewe, Bi Odessa, aliniletea sufuria la supu ya maharage. Yeye mwenyewe hakuja wala hakuomba radhi. Bingwa wa uwanja wa mbio wa Pegram, mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na anaendesha vile anavyolima: kila mstari ni wake.

Ijumaa, 21 Machi

Kesho mbio za kwanza za msimu. Harlis amepima springi ya mbele kulia, akaipima tena, akaipima tena. Betri za redio ziko kwenye chaji. Nimemtengenezea mikate miwili ya soseji ya boloni ya kukaanga, kwa sababu akishapanda juu ya paa la jukwaa hashuki mpaka mbio ziishe.

Harlis ni mwangalizi wangu. Pegram hamruhusu dereva kuingia njiani kama hana mtu wake kule juu mwenye redio, na ana haki. Ukishafungwa mikanda kwenye kiti kile, kichwa kikiwa kati ya mbavu mbili za chuma, helmeti juu, unaona mbele na unaona kioo kidogo cha nyuma. Ubavuni huoni kitu. Harlis ndiye anayeniambia: yupo chini, upande wa ndani; yupo juu, upande wa ukuta; kweupe, hakuna mtu. Nikisikia kweupe, nahama. Sijawahi kumuuliza mara mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Hakuna mbio.

Jumapili, 23 Machi

Mchungaji ameshukuru kwa mvua. Burlin Tesh aliitika amina kwa sauti kuliko kanisa zima. Harlis alinong'ona, "Akiwa shambani ni mkulima, akiwa kwa Pegram ni shetani. Sasa Mungu anamjua yupi kati ya hao wawili?" Nilimpiga kiwiko.

Alhamisi, 27 Machi

Nilisimama dukani kununua kahawa. Wazee wa pale mezani hawana kazi nyingine.

"We Twyla, ya mwaka jana unaiacha hivihivi?"

"Ipi?"

"Ati ipi. Shingo yako ndiyo ipi."

"Nataka kumaliza mbio, sitaki kumlipa mtu."

"Ndiyo maana hujawahi kushinda, binti."

Wakacheka. Harlis alikuwa ameegemea friji ya soda. Hakucheka. Akasema, "Msimu ni mrefu," akalipa.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua tena. Tulikaa ndani ya lori tukitazama kioo mpaka Pegram akatoka na mwavuli wake, akatupungia turudi nyumbani. Harlis alipiga usukani kwa kiganja mara moja. Sijui kwa nini ana haraka namna hii. Kawaida mimi ndiye mwenye haraka.

Jumanne, 1 Aprili

Nimebadilisha plagi. Springi hazijaguswa.

Kwa kuwa hakuna cha kuandika kuhusu gari, nitaandika kuhusu fundi wake. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la nne na Harlis alikuwa kijana wa kuendesha magari ya mbio, mwenye nywele ndefu, anayesemwa na kila mtu kuwa atafika mbali. Akajifunza kusuka nywele zangu kwa kusimama nyuma yangu na kusoma gazeti la wanawake. Akazisuka vibaya, nikaenda nazo shule hivyohivyo. Miaka michache baadaye akavunjika nyonga kwa Pegram, kona ya kwanza, na hakukaa tena kwenye kiti cha gari la mbio. Ajali, alisema. Tangu hapo hutembea kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja.

Gari hili amelijenga yeye, kila bomba la kizimba cha kumkinga dereva amelichomelea yeye. Mimi naliendesha tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Jua kali, anga safi, watu wamejaa, hata madereva wa jimbo jirani la Virginia wamekuja. Na hatukukimbia. Maji ya mvua ya majuma yale yanachuruzika kutoka chini ya lami, kona ya pili, kama jasho. Pegram aliburuta matairi juu yake, akapuliza kwa mashine ya kupeperushia majani, akapiga magoti akagusa kwa mkono. Kila alipokausha yakatoka mengine. Mwishowe akachukua kipaza sauti na kusema rudini nyumbani.

Burlin alikuwa ameegesha pembeni yangu. Alikuwa anakunja vitambaa vyake vizuri, kimoja kimoja.

"Ardhi haina haraka," akasema.

"Mimi ninayo," nikamwambia.

Karibu atabasamu.

Jumapili, 13 Aprili

Nilitaka kuandika jana usiku, mkono ukakataa. Nitaandika yote sasa, kabla watu hawajanisimulia wao jinsi ilivyokuwa.

Jana hali ya hewa ilikuwa nzuri. Lami kavu, vuguvugu. Matairi ya kulia tuliyatia upepo zaidi kidogo. Kwenye majaribio gari lilikuwa linasukuma pua, halitaki kugeuka, nikamwambia Harlis, akazungusha skrubu ya upande wa nyuma robo mzunguko na likawa tamu. Nilianza wa tano.

Pegram alipeperusha bendera ya kijani wakati jua limeanza kushuka. Mwanzo ulikuwa mbaya. Wawili mbele yangu waligongana raundi ya kwanza, moshi mtupu, nikasikia Harlis, "Juu, juu, pita juu," nikapita juu bila kuona chochote, nikatokea upande wa pili nikiwa wa tatu. Bendera ya njano. Halafu joto la injini likaanza kupanda. Plastiki ya mtu ilikuwa imenasa kwenye matundu ya boneti. Nikazunguka nyuma ya gari la usalama nikiomba itoke, ikatoka. Tukaanza tena, nikampita wa pili, na mbele yangu akabaki Burlin peke yake, na lile gari lake jeupe la namba nane.

Raundi nyingi nilikaa nyuma yake nikijifunza. Alikuwa anashika mstari wa ndani na kuutetea. Juu kulikuwa na nafasi, kama gari lako linashika. Langu lilikuwa linashika. Raundi kumi za mwisho nikaanza kumwonyesha pua kwa juu, kila raundi zaidi kidogo. Kona ya pili nikawa sambamba naye. Kwenye mstari wa nyuma, ule mnyoofu kati ya kona ya pili na ya tatu, nikasogea mbele. Nilijua niko mbele kidogo, sikujua ni kiasi gani. Hapo ndipo kila kitu kipo, kwenye hicho kiasi. Kona ya tatu ilikuwa inakuja, na kama ningebaki juu angenipita tena kwa ndani.

Harlis akasema, "Kweupe. Chini kweupe."

Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikashuka.

Niligongwa gurudumu la nyuma. Usukani ulinipiga vidole, gari likageuka nusu, nikalishika, sijui vipi. Kwenye kioo niliona jeupe likiingia kwenye majani ya ndani, likaruka, likarudi njiani likiwa kama la mtu mwingine, halimsikii tena dereva wake, likapanda moja kwa moja hadi ukutani. Ule mlio ninaujua. Nilishawahi kuwa ndani yake.

Bendera ya njano, halafu nyekundu. Tukasimama. Niliuliza redioni, "Ametoka?" Kimya. "Harlis, ametoka?" Akajibu, "Wanamtoa." Walimtoa kwa kukata wavu wa dirisha. Alitembea mwenyewe hadi kwenye gari la wagonjwa, mkono mmoja ameukumbatia kifuani. Watu walimpigia makofi. Kisha wakanigeukia mimi na nusu yao wakapiga makofi pia, na nusu wakazomea.

Zilibaki raundi nne. Tukaanza tena na nikashinda. Mara ya kwanza maishani mwangu. Nilisimama kwenye duara la washindi na kombe mkononi na sikujua niweke uso gani. Harlis alishuka kutoka juu akanikumbatia.

"Ulisema kweupe," nikamwambia sikioni.

"Jua," akasema. "Jua liliniingia machoni. Nilidhani ameshabaki nyuma. Nisamehe, mdogo wangu."

Nikamsamehe palepale.

Leo kanisani kiti cha Burlin kilikuwa kitupu. Mtulinga umevunjika, na mbavu. Watu walinishika mkono mlangoni. Mzee mmoja wa dukani alinong'ona, "Safi sana. Sasa mmelingana." Nikamwambia ilikuwa ajali. Akanikonyeza.

Jumatatu, 14 Aprili

Kazi. Bega linauma mahali pa mkanda.

Jumanne, 15 Aprili

Orodha ya gesi ilikuwa na jina la Tesh. Ningeweza kumwomba mwenzangu aende. Nikaenda mwenyewe.

Bi Odessa alifungua mlango. Mwanamke mfupi, mnyoofu, ndiye mwangalizi wa Burlin tangu walipooana. Hakusema karibu. Alisogea tu pembeni. Burlin alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, mkono umefungwa kifuani, amevimba shavu.

"Bwana Tesh, nimekuja kuomba radhi. Harlis alipigwa na jua machoni, akaniambia kweupe. Sikukusudia."

Akajiweka sawa kitini.

"Jua?"

"Ndiyo."

"Twyla, kaa hapo." Nikakaa. "Mimi nilikugonga Septemba kwa kuwa ulikuwa njiani mwangu. Nilikusudia. Sijakuomba radhi kwa sababu ningekuwa naongopa. Jumamosi ulinilipa. Nikiwa kwenye gari la wagonjwa nilimwambia huyu mke wangu, yule binti sasa amekuwa dereva. Nilikuwa nakuheshimu hadi ulipoingia na habari za jua."

"Ni kweli lakini."

"Hebu mwambie," akamwambia mkewe.

Bi Odessa alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwetu. "Nimesimama kwenye paa lile tangu kabla hujazaliwa," akasema. "Jua la pale halijawahi kuniingia machoni. Nenda kajaze gesi yako."

Nikaenda kujaza. 

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mbio hakuna juma hili, lakini Pegram alifungua njia kwa majaribio jioni. Nilimwambia Harlis nina mafua, sitakwenda. Nikaenda peke yangu bila gari.

Miaka yote hii sijawahi kupanda juu ya paa lile. Ngazi ni ya chuma, nyembamba. Nilisimama pale anaposimama Harlis. Kuna mahali reli imechakaa kwa viwiko vyake. Nikangoja hadi saa moja na nusu, saa ileile.

Jua linazama nyuma ya jukwaa. Lilinipiga mgongoni. Kivuli changu na cha jukwaa zima kilikuwa kimelala mbele yangu juu ya mstari wa kumalizia, na ng'ambo, kona ya tatu ilikuwa imemulikwa, naiona kama ninavyoona sahani yangu mezani. Magari mawili yalikuwa yanafanya majaribio. Niliweza kusoma namba zao. Niliweza kuona pengo kati ya bampa na bampa.

Nilishuka. Pegram aliniuliza kama nimeona kitu. Nikasema hapana.

Jumamosi, 19 Aprili

Asubuhi nilikwenda karakana. Harlis alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu nje.

"Mafua yamekwisha?" akauliza.

"Jana nilipanda juu."

"Juu wapi?"

"Paa la jukwaa. Saa ileile."

Spana ikanyamaza.

"Jua liko mgongoni, Harlis."

 Nilikuwa nazitazama buti zake. Nikasema, "Niambie redio ilikatika. Niambie hivyo nami nitaondoka, na tutaendelea."

Nadhani alifikiria. Halafu akajisukuma nje na kibao chake cha magurudumu, akakaa, akafuta mikono taratibu.

"Haikukatika."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Pua yake ilikuwa kwenye mlango wako."

"Na ukasema kweupe."

"Nikasema kweupe."

Nilidhani ningepiga kelele. Nilikaa juu ya tairi.

"Wewe usingefanya," akasema. "Miaka yote nakutazama unawapisha watu. Ungempisha tena, naye angekuzungusha tena, na mimi niko kule juu na redio mkononi. Septemba nilitazama. Ulikaa garini husogei, nikaita jina lako, hujibu. Unajua kutazama kulivyo?"

"Ungeweza kuniua mimi."

"Nilipima. Nilijua anayekwenda ndani ni yeye."

"Ulipima."

"Nimekulea mimi, Twyla."

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo maana sikuuliza mara mbili."

Akainamisha kichwa. Nywele zake zimekuwa nyembamba utosini, sikuwa nimeona. Nikamwambia anipe redio. Alinyanyuka na ile nyonga yake, akaitoa kabatini pamoja na vipokea sauti na chaji, akazungusha waya vizuri kabla hajanipa, kama afanyavyo siku zote.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Harlis hakuja kula. Nyama ya nguruwe nimeila peke yangu, iliyobaki nimeigandisha.

Jumanne, 22 Aprili

Nilikwenda ofisini kwa Pegram na kombe kwenye mfuko wa dukani. Nikamwambia anifute kwenye ushindi ule.

"Mimi nimeshaamua. Ajali ya mbio," akasema.

"Nilikata mbele ya gari lililokuwa ubavuni mwangu. Kwenye kanuni zako mwenye kufanya hivyo anakwenda mwisho wa msafara."

"Mwangalizi wako alisemaje?"

"Mwenye usukani ni mimi."

Akanikazia macho. Pegram si mjinga, amekaa na madereva maisha yake yote. Nadhani alijua, na nadhani alijua pia kwamba nikilitaja jina, Harlis hatakanyaga tena pale. Hakuuliza tena. Akaliweka kombe sakafuni kando ya mguu wa meza.

"Wazee wa dukani watakula nyama yako," akasema.

"Waache wale."

Jumatano, 23 Aprili

Walikula. Mmoja aliniuliza kama nimeokoka upya.

Alhamisi, 24 Aprili

Kwa Pegram sikulitaja jina, lakini kwa Tesh niliona lazima. Mwenye mfupa uliovunjika ana haki ya kujua nani kauvunja. Niliwakuta wote wawili barazani. Nikasema mara moja, nikiwa nimesimama: halikuwa jua, Harlis alikuona, akasema kweupe makusudi, mimi sikujua.

Nilitegemea matusi. Mbwa wao akaja, akamlamba Burlin mkono.

"Nyonga ya Harlis," akasema mwishowe. "Aliwahi kukwambia?"

"Ajali. Kona ya kwanza."

"Ilikuwa mimi. Alikuwa anakuja vizuri kuliko mimi, kijana mwenye nywele. Nikambana juu hadi njia ikamwishia, akaingia ukutani. Nilijua ninachofanya." Akajaribu kusogeza bega, akakunja uso. "Hakusema kwa mtu hata mmoja. Nilidhani amesahau."

"Aliyesahau ni wewe," akasema Bi Odessa.

 Mimi nilikuwa nafikiri: basi lilikuwa deni lake mwenyewe, akalilipa kwa gari langu. Halafu nikafikiri juu ya sauti yake akisema nilikaa garini sisogei. Yote mawili ni kweli, na siwezi kulitupa moja ili libaki jingine.

Nilipokuwa naondoka Burlin akaniita. "Hutapata kitu kwa kumwambia Pegram."

"Sijamwambia."

"Vizuri. Nami simwambii."

Jumamosi, 26 Aprili

Mbio zimefanyika. Sikukimbia, sina mwangalizi. Nimefua mapazia.

Jumatano, 30 Aprili

Juma la kupanda tumbaku, na Burlin hawezi kuinua hata kikombe kwa mkono ule. Nimechukua likizo ya siku mbili. Sikuombwa. Nilifika tu asubuhi na kofia, na Bi Odessa akanitazama kutoka juu ya mashine ya kupandia, akanionyesha kiti cha pili.

Unakaa umepinda, trei ya miche mbele yako, trekta linakwenda, na unaweka mche mmoja kwenye kila kikombe kinachopita. Ukichelewa, mstari unabaki na pengo na kila anayepita barabarani ataliona mpaka Agosti. Burlin alitembea nyuma yetu mkono kifuani, akidondosha miche kwenye mapengo na kushindilia udongo kwa kidole cha mguu.

"Huyu anapanda kama anavyoendesha," akasema. "Anawapishapisha."

"Nyamaza, Burlin," akasema mkewe.

Saa ya chakula tulikaa kivulini mwa lori. Mkate wa mahindi, maharage, chai baridi. Bi Odessa alikuwa anajitoa udongo kwenye kucha kwa kiberiti.

"Jumamosi nani anakupandia juu?"

"Hakuna."

"Mimi sina kazi mpaka bega la huyu lipone."

 Burlin akaacha kutafuna.

"Bi Odessa, mimi ndiye niliyemvunja mumeo."

"Najua nani kavunja nini," akasema. "Nimekaa nyumbani na mgonjwa huyu majuma mawili. Nikikaa la tatu nitamvunja na huo mwingine. Utanichukua au hutanichukua?"

Ijumaa, 2 Mei

Springi za mbele kama zilivyokuwa. Upepo kulia nimepunguza. Nimefanya yote peke yangu na sijui kama ni sawa. Mgongo umekufa kwa ile mashine ya kupandia. Karakana ni kubwa bila mtu wa kugombana naye kuhusu redio ya muziki.

Jumapili, 4 Mei

Jana. Mawingu, hakuna mvua. Nilianza wa kumi na mbili.

Kufunga mikanda nilifunga mwenyewe, nikavaa helmeti. Nilisikia sauti ya Bi Odessa masikioni, kavu, karibu kabisa: "Nakusikia unapumua. Pumua polepole." Nikawaza, huyu mama akitaka kuniweka ukutani leo, ataniweka kwa neno moja, na uwanja mzima hautajua.

Gari lilisukuma pua tangu mwanzo. Nilikuwa napigana nalo kila kona. Hata hivyo nikawapita wawili. Raundi ya kumi na kitu nilikuwa nje ya gari jekundu kwenye mstari wa nyuma, tunaelekea kona ya tatu.

"Kweupe chini," akasema.

Sikushuka. Mikono yenyewe ilikataa. Nikabaki juu, nikapoteza nafasi, jekundu likapita kwa ndani na jingine nyuma yake.

Kimya redioni nusu raundi. Halafu: "Twyla. Nikisema kweupe, ni kweupe. Ukitaka kukaa huko juu kaa, lakini usinichoshe koo."

"Sawa, mama."

"Haya. Wa mbele yako breki zake zinamwishia. Mngoje."

Nilimngoja. Kona ya pili akapepesuka, nikawa ubavuni, nikasogea, mstari wa nyuma, kona ya tatu inakuja.

"Kweupe chini."

Sikuona kitu. Sikuwa na chochote isipokuwa sauti ya mwanamke ambaye siku zile nyingine zote alikuwa akimsaidia mtu mwingine kunishinda. Nikashuka. Hakukuwa na mlio wowote. Kulikuwa na lami tu, na ukuta ukipita mbali upande wa kulia.

Nimemaliza wa saba. Burlin alikuwa amesimama getini na bega lake kwenye kitambaa. "Wa saba," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa. Bi Odessa akashuka ngazi, akanirudishia redio, akasema niwe nayo imechajiwa juma lijalo, akaenda kumtafutia mumewe kiti.

Nilimwona Harlis nilipokuwa napakia matairi. Alikuwa jukwaani, safu ya juu, kwenye ubao, kati ya watu kama mtu yeyote, na mfuko wa karanga za kuchemsha magotini. Mbio za magari madogo zilikuwa zimeanza. Nikapanda nikakaa karibu naye, nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

Tulitazama raundi kadhaa.

"Linasukuma pua," akasema.

"Najua."

"Kona ya tatu kuliko ya kwanza. Lami imepata joto sasa, springi ile ya kulia ni ngumu mno."

"Nilidhani hivyo."

"Ungepunguza upepo usingeona tofauti."

"Nilipunguza. Sikuona tofauti."

Akamenya karanga, akaitazama, akaila. Amekonda. Shati lake halikupigwa pasi. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Pasaka na hakuna hata moja lililokuja.

"Jumanne nitakuwa karakana," nikasema.

"Nije?"

"Njoo. Lete springi laini."

Alikubali kwa kichwa. Magari madogo yalipita chini yetu, yakapiga kelele, yakaenda. Halafu akauliza, akitazama njia tu, bila kuinua macho kule juu ya paa.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi utanunua tiketi."

 Kisha akausogeza mfuko wa karanga kwenye ubao, kwenye ile nafasi kati yetu, na tukakaa mpaka bendera ya mwisho.